Gunia moja la malighafi, mifuko miwili tofauti: jinsi mtambo unavyoamua tabia ya plastiki inayooza

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania ikafuata Juni 2019, neno "inayooza" limebandikwa kwenye kila kitu: mifuko ya taka, vikombe, sahani za sherehe, hata viriba vya miche. Malalamiko nayo hayakuchelewa. Mfuko mmoja wa "wanga wa mahindi" unafikisha kilo tano za viazi nyumbani. Mwingine, wenye maandishi yaleyale, unapasuka mlangoni mwa duka. Kikombe kimoja kinavumilia chai, kingine kinalegea na kujikunja kabla sukari haijayeyuka. Kiriba kimoja kinapotelea ardhini, kingine kinafukuliwa baadaye kikiwa bado kimekumbatia mizizi.

Mtaani jibu ni jepesi: kimoja ni feki. Feki zipo, na tutazifikia. Lakini bidhaa mbili zenye tabia tofauti namna hii zinaweza kabisa kuwa zimetoka kwenye gunia moja la malighafi, kwa vipimo vilevile. Kilichotofautiana ni upishi: joto la mtambo, unyevu uliobaki kwenye punje za plastiki, kasi ya skrubu, namna kitu kilivyopozwa na upande kilikovutwa. Wapishi wanalijua hili bila kufundishwa. Unga, maji na mafuta yanaweza kutoka chapati laini au gamba la kupigia ngoma.

Tuanze na maneno

Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo, na plastiki zote ni polima. Urefu wa minyororo hiyo ndio nguvu yake. Chukua fungu la katani yenye nyuzi ndefu ulivute: nyuzi zinashikana, halikatiki. Likatekate vipande vya inchi moja, na katani ileile itakumwagikia mkononi. Shika mfano huu, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayoharibika kiwandani ni hayo tu: minyororo imekatwa kabla ya wakati wake.

Kuoza maana yake vijiumbe vimekula minyororo hiyo na kuacha hewa ukaa, maji na mboji. Kumomonyoka vipande vidogo hadi visionekane siyo kuoza. Kuyeyuka kwenye maji nako siyo kuoza: zile video za mtu anayetia mfuko kwenye glasi ya maji ya moto, ukayeyuka, akanywa, huwa za polima nyingine inayopenda maji, na zinachothibitisha ni kwamba inayeyuka.

Kwenye mifuko na vyombo hivi utakutana na wahusika watatu wakuu. PLA hutokana na sukari ya mimea iliyochachushwa kuwa asidi ya laktiki, kisha asidi hiyo ikaunganishwa kuwa mnyororo. Ni ngumu, inang'aa, na ukiivuta inarefuka kama asilimia tano tu halafu inakatika. PBAT ni laini na inavutika mara kadhaa ya urefu wake. Hii, kwa sehemu kubwa, hutoka kwenye mafuta ya petroli, na bado vijiumbe huila. Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa kuwa tumezoea kudhani kuoza kunatokana na asili ya mmea. Siyo hivyo. Kuna polithini inayotengenezwa kwa miwa, na haiozi kama isivyooza ile ya petroli. Kinachohesabika ni umbo la mnyororo, siyo shamba ulikotoka. Wa tatu ni wanga, uwe wa mahindi, muhogo au viazi: rahisi kuliko wote, na dhaifu kuliko wote ukiwa peke yake.

PLA peke yake inapasuka kama kioo, PBAT peke yake ni ghali na inalegea mno, wanga peke yake unakunywa maji na kukatika. Ndiyo sababu huchanganywa.

Donge ndani ya uji

Tatizo ni kwamba PLA na PBAT hazipatani. Unaziyeyusha pamoja, zinakaa kama mafuta na maji: moja inakuwa bahari, nyingine inakuwa matone ndani yake. Ukubwa wa matone hayo ndio swali la kwanza ambalo mtambo hujibu, na lebo ya dukani haiwezi kukuambia.

Ukubwa wenyewe unapimwa kwa maikromita, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Mfuko mwembamba una ukuta wa maikromita 15 hadi 25. Tone la maikromita moja ndani ya ukuta huo halina neno. Tone la maikromita 10 limeshika theluthi mbili ya ukuta wa 15, na pembeni mwake ndipo ufa unapoanzia. Vipimo vya mchanganyiko ni vilevile, gharama ileile, lakini mfuko wa pili una mamia ya milango iliyo wazi nusu.

Kuvunja matone ni kazi ya ekstruda: bomba la chuma lenye hita kwa nje na skrubu kwa ndani, kama mashine ya kusagia nyama, ila refu zaidi. Yenye skrubu moja kazi yake hasa ni kusukuma. Kwa kuchanganya kweli kweli hutumika yenye skrubu mbili zinazosagana, zikiwa na vipande vya kukandia katikati. Hata hivyo skrubu nzuri inaweza kushindwa, na aliyewahi kusonga ugali anajua kwa nini. Donge la unga likiwa kwenye uji mwepesi, unakoroga nalo linazunguka na mwiko, halivunjiki. Uji ukishika na kuwa mzito karibu sawa na donge, mwiko unalisaga. Kwa polima ni hivyohivyo: matone huvunjika vizuri zaidi yanapokuwa na uzito wa kumiminika unaokaribiana na wa bahari inayoyazunguka. Yakizidi mara nne hivi, kukoroga kwa kawaida hakuyavunji hata ukizungusha skrubu mpaka kesho. Yatabadilika umbo na kuzunguka tu.

Fundi hurekebisha uwiano huo kwa joto. Ukipandisha hita, PLA inalainika upesi. Ukiongeza kasi ya skrubu, matone yanapungua, lakini msuguano unazalisha joto lake lenyewe, na plastiki iliyomo ndani inaweza kuwa na digrii kumi au zaidi juu ya zile unazosoma kwenye kisanduku cha hita. Anayeangalia kisanduku peke yake anaunguza bila kujua.

Halafu kuna mtego ambao huwapata hata wazoefu. Kiwanda kinanunua punje zilizokwisha kuchanganywa vizuri, matone madogo, cheti kipo. Zinaingia kwenye ekstruda ya skrubu moja ya kupuliza mifuko, zinayeyuka upya, na ndani ya dakika mbili tatu za safari matone yanakutana na kuungana tena, kama tui lililoachwa jikoni na mafuta yake kupanda juu. Dawa yake ni kipatanishi, kiasi kidogo tu cha kemikali inayoshika polima zote mbili, mkono mmoja huku na mwingine kule, kama kiini cha yai kinavyoshikanisha mafuta na siki. Kipatanishi nacho kinahitaji muda na joto la kutosha kufanya kazi ndani ya bomba. Ukikipitisha mbio, umelipia kitu ambacho hakikuamka. Ukikizidisha, minyororo inafungamana mno, plastiki inakuwa na madonge magumu na mfuko unatoka na vipele.

Maji, adui aliyefichwa kwenye gunia

Kama kuna sababu moja inayoharibu plastiki hizi kuliko zote, hasa ukanda wa pwani, ni unyevu. PLA ikiwa imeyeyuka, kila molekuli ya maji iliyomo inakata mnyororo. Kiasi kinachoruhusiwa kabla ya kuyeyusha ni chini ya sehemu 250 kwa milioni. Tupige hesabu: kwenye gunia la kilo 25 hiyo ni gramu sita na robo, kijiko kimoja cha chai na ziada kidogo. Gunia zima! Likikaa wazi usiku mmoja kwenye stoo ya Dar es Salaam au Mombasa, umeshapita hapo.

Kwa hiyo punje hukaushwa, kwa kawaida saa nne kwenye nyuzijoto 80, kwa hewa iliyokaushwa yenyewe. Kupuliza hewa ya kawaida ya pwani, hata ikiwa moto, ni kufuta sakafu kwa kitambaa kilicholowa. Zikitoka kwenye kikaushio ziende moja kwa moja kwenye mtambo, na pipa la kulishia lifunikwe. Wengi hukausha vizuri kisha wakamwaga kwenye pipa lililo wazi na kwenda kula.

Kosa jingine linahusu mabaki. Vipande vya kingo na vikombe vilivyoharibika husagwa virudishwe, jambo zuri. Lakini PLA iliyopozwa haraka haina fuwele, yaani sehemu ambamo minyororo imejipanga kwa safu, nayo hulainika kuanzia nyuzijoto 55 hadi 60. Ukiitia kwenye kikaushio cha 80 inagandana kuwa bonge moja kama halua, na utalitoa kwa tindo. Mabaki ya aina hiyo hukaushwa kwa joto la chini, kama 45, kwa muda mrefu zaidi, au hukorogwa yakiwa kwenye joto hadi yajenge fuwele kwanza. Tena kila safari ndani ya bomba inafupisha minyororo, kwa hiyo mfuko wenye mabaki mengi ni ile katani iliyokatwakatwa, hata kama kila punje ni halisi.

Dalili za unyevu huonekana mapema. Plastiki inayotoka mdomoni mwa mtambo inakuwa nyepesi kuliko kawaida na kuchuruzika, puto la plastiki linalopulizwa kuwa mfuko linayumba, viputo vinatokea. Bidhaa iliyopona hapo hukatika kirahisi miezi michache baadaye, na mnunuzi husema, "Eti inaoza, mbona imeozea kabatini?" Kwa namna fulani yuko sahihi.

Wanga na ile plastiki ya darasani

Wanga unatoka shambani ukiwa punje ngumu zisizoyeyuka. Ukiupasha mkavu unaungua. Ili uwe plastiki lazima punje zivunjwe kwa maji, joto na msukumo, kisha kitu kingine kikae kati ya minyororo isirudi kushikana. Kitu hicho kwa kawaida ni glisirini.

Kuna jaribio ambalo wanafunzi wengi wamelifanya: kijiko kikubwa kimoja cha wanga, vinne vya maji, kijiko cha chai cha glisirini na kimoja cha siki, koroga motoni hadi iwe kama gundi inayong'aa, tandaza kwenye sahani, acha siku mbili. Unapata kijikaratasi kinachopinda. Glisirini ikipungua kinapasuka na kujikunja kingo. Ikizidi kinatoa jasho na kunata. Ukiiweka juani ikauke haraka, ufa unaanzia kati. Na hata kikitoka vizuri, baada ya wiki kadhaa kinakakamaa, kwa sababu ileile inayofanya mkate wa juzi uwe mgumu: minyororo ya wanga imejipanga upya.

Habari nyingi za "plastiki ya maganda ya ndizi" au ya muhogo ni jamaa wa jaribio hili. Siyo uongo, lakini umbali kati ya sahani hiyo na kiwanda ni mkubwa, na hauko kwenye malighafi. Kwenye sahani maji yalikuwa na siku mbili za kuondoka taratibu. Kwenye ekstruda yana dakika chache, na yakibaki yanageuka mvuke mdomoni na kupuliza matundu. Maabara nyingine huyeyusha polima kwenye klorofomu, kimiminika kinachoyeyusha plastiki, humimina kwenye kioo na kuiacha ikauke. Utando unaopatikana unaweza kupendeza kwenye vipimo, na mchanganyiko huohuo ukipita kwenye skrubu ukawa na matone makubwa na minyororo iliyokatika. Namba za utando wa kioo zisitumike kuahidi mfuko.

Kiwandani njia inayokubalika ni hii. Kwa kila sehemu 100 za wanga kwa uzito, weka glisirini 30 hadi 35 na maji kiasi, changanya, funika, acha glisirini ipenye kwa saa kadhaa au usiku kucha. Pitisha kwenye skrubu mbili, joto likipanda kutoka nyuzi 90 hivi mwanzoni hadi 130 mwishoni, huku mvuke ukitolewa kupitia tundu la juu ya bomba. Wanga ukishakuwa laini na maji yametoka, ndipo ukutane na PBAT, kwenye nyuzi 130 hadi 150. Mpangilio huu si wa mapambo. Ukivitia vyote mara moja, PBAT iliyoyeyuka inazivisha punje za wanga koti kabla hazijavunjika. Punje zinapita nzima hadi kwenye mfuko, na ukiuangalia kwenye mwanga unaona chenga kama mchanga. Na mwenzi akiwa PLA, inayohitaji nyuzi 170 na kuendelea, mtego ni wa pande mbili: maji na glisirini vinakata PLA, na joto la PLA linaanza kuuchoma wanga. Plastiki inageuka rangi ya chai na kunuka mkate ulioungua.

Kupoza na kuvuta

Sukari iliyoyeyushwa ukiimwaga kwenye bati baridi inakuwa kama kioo. Ukiiacha ipoe taratibu huku ukikoroga, inakuwa chengachenga. PLA ni hivyohivyo. Ikiingia kwenye kalibu (chombo kinachoipa plastiki umbo) la baridi, nyuzi 25 au 30, minyororo inaganda ilipo, ovyo ovyo, na kikombe kinatoka angavu na cha kupendeza. Lakini hicho ndicho kikombe kitakacholegea kwenye 60. Chai inayomiminwa kutoka kwenye chupa huwa juu ya hapo. Kalibu likiwa na nyuzi 100 hadi 110 minyororo inapata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, hasa ikitiwa unga kidogo wa talki kama mbegu; kikombe kinakuwa cheupe kama maziwa na kinavumilia moto. Gharama yake ni muda, kwani kila kikombe kinakaa ndani ya kalibu kwa muda mrefu zaidi, na kiwandani sekunde ni hela. Wengine hujaribu kuokoa vikombe vya baridi kwa kuvitia kwenye oveni baadaye. Fuwele zinakuja, na vikombe vinapinda.

Kwa hiyo kikombe angavu cha juisi kilicholegea kwenye chai si feki. Kimetumiwa kwa kazi ambayo kalibu lake halikukitayarishia.

Mifuko hupulizwa: plastiki laini inatoka kwenye mdomo wa duara, hewa inaifutua kuwa puto, na roli za juu zinaivuta. Roli zikivuta kwa kasi huku puto likiwa jembamba, minyororo yote inalala upande mmoja, na mfuko unachanika kama kanga inavyochanika kwa kufuata uzi. Puto likifutuliwa mara mbili hadi nne ya upana wa mdomo, nguvu zinagawanyika pande zote. Hili unaweza kulijaribu mwenyewe. Kata vipande viwili vya upana wa vidole viwili, kimoja kwa urefu wa mfuko na kingine kwa upana. Kila kimoja kitie mkato mdogo ukingoni, kisha uchane. Kimoja kikipasuka mbio kama gazeti na kingine kikivutika na kugoma, umeona kasi ya roli bila kufika kiwandani. Mfuko wa namna hiyo huishia hivyo dukani: kona ya pakiti ya biskuti inatoboa, na mpasuko unashuka hadi chini kwa pumzi moja.

Na kuoza je?

Kipimo cha Ulaya kinachotajwa sana, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya kaboni ya plastiki iwe hewa ukaa ndani ya miezi sita, na baada ya wiki 12 isibaki zaidi ya sehemu moja ya kumi isiyopita kwenye chekeche la milimita mbili. Hayo ni kwenye mboji ya kiwandani, inayotunzwa kwenye joto la nyuzi 58 hivi. Joto hilo lina maana yake: hapo ndipo PLA inapolainika, maji yakapenya na kukata minyororo hadi vijiumbe viweze kuila. Shimo la taka nyuma ya nyumba halifiki huko, udongo wa shamba haufiki, na Bahari ya Hindi haifiki kabisa. Kikombe cha PLA baharini ni kikombe.

Hapa pia upishi unaingia. Vijiumbe huanza na sehemu zisizo na fuwele, kwa hiyo kikombe kile kinachovumilia chai ndicho kinachochelewa kuoza. Huwezi kudai vyote bila kulipia. Kwenye mchanganyiko wa wanga, swali ni kama wanga umejiunganisha ndani kuwa njia zinazopitana au umefungiwa kwenye matone yaliyozungukwa na PLA. Ukiwa njia, maji na vijiumbe wanaingia mwanzo hadi mwisho. Ukiwa umefungiwa, wanga wa asilimia 30 unaweza kukaa ndani kama pesa kwenye kibubu. Vitu vya kalibu mara nyingi hujijengea ngozi ya nje yenye wanga kidogo, na hiyo peke yake inachelewesha. Kiriba kilichofukuliwa kizima huenda kina malighafi halali kabisa, ila ni PLA nyingi, kinene, kwenye udongo ambao haujawahi kufika nyuzi 58.

Feki sasa. Ya kwanza ni polithini ya kawaida iliyotiwa chumvi za chuma ili ipasukepasuke juani. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku bidhaa hizo kwa sheria ya mwaka 2019 iliyoanza kutumika Julai 2021. Ya pili haijifichi sana, ila watu hujidanganya wenyewe: mifuko ile laini kama kitambaa, inayouzwa kama mbadala, kwa kawaida ni polipropilini. Ni plastiki kamili, nzuri kwa kurudia kutumia, haiozi.

Kwa anayenunua kwa wingi, iwe hoteli, halmashauri au kitalu cha miche, swali la kumuuliza muuzaji ni unene. Cheti cha kuoza hutolewa kwa unene uliopimwa, na kinaruhusu hadi hapo tu. Malighafi iliyofaulu ikiwa utando mwembamba haijafaulu ikiwa sahani. Omba cheti, tafuta namba ya maikromita iliyoandikwa humo, kisha kunja mfuko hadi upate tabaka kumi na sita za ukuta wake, ubane kwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ugawanye jibu kwa kumi na sita.